Wezi wa Bwawa Namba Mbili

Kabla hujaenda kwa chifu kumshtaki jirani yako kwamba amekuibia samaki, chukua kwanza chujio la chai, liingize bwawani pale pembeni penye majani, livute polepole, kisha ulipindue juu ya sahani nyeupe uone kilichomo. Ukishaona, kama bado unataka kwenda kwa chifu, nenda. Mimi sitakuzuia.

Nawaambia hivi nyinyi vijana kwa sababu naona mmeanza tena kuchimba mabwawa. Kutoka hapa Ruring'u hadi Naro Moru, kila mwenye kipande cha shamba ametandika karatasi nyeusi ya plastiki shimoni, akajaza maji, akatia vifaranga wa samaki, akapiga picha ya kuwatumia marafiki. Mwezi haujaisha, yuko mlangoni kwangu. "Shosho," ndivyo mnavyomwita bibi kizee, "samaki wangu wameibwa." Namuuliza, wameibwa na nani? Anataja jirani. Kila mara ni jirani. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunitajia mdudu.

Basi kaeni niwaeleze, maana mimi mwenyewe niliwahi kufanya kosa ambalo nusura limfukuzishe kazi mtu mwema kuliko wote niliofanya nao kazi.

Niliajiriwa kwenye kituo cha samaki miaka michache baada ya Uhuru, nikiwa na cheti cha shule na kidole kimoja kinachojua taipu. Kituo kilikuwa bondeni, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka mjini Nyeri. Kulikuwa na ofisi ya mbao, stoo, mabwawa sita ya udongo, na chini kabisa kinamasi kilichojaa matete na vyura. Asubuhi nilipiga taipu, mchana nikavaa gambuti za mpira na kwenda kuandika hali ya mabwawa.

Lazima mjue pia kwamba wakati huo watu wetu hawakula samaki. Mama yangu alimweka samaki kundi moja na nyoka, tofauti tu kwamba nyoka ana adabu ya kukaa nchi kavu. Siku niliyoanza kazi alinitengea kikombe changu peke yangu, na jioni nguo za kazi zilibaki nje na kuku. Wachumba wawili walinikimbia kwa sababu ya harufu. Wa tatu alikuwa na mafua yasiyopona, na huyo ndiye aliyenioa.

Mkubwa wetu aliitwa Bwana Barasa. Alitoka kwao magharibi, ambako samaki ni chakula cha mgeni wa heshima, na hakuamini hata kidogo kwamba kuna binadamu anayeweza kupita karibu na samaki asimtamani. Hiyo imani yake ndiyo iliyoleta shida yote.

Halafu kulikuwa na Mzee Thumbi, msimamizi wa mabwawa. Hakujua kusoma, lakini mabwawa yalimjua. Asubuhi alisimama ukingoni akasikiliza. Samaki wakija juu na kufyonza hewa kwa sauti ndogo kama ya watu wanaobusu, alijua maji yamechoka, na akafungua mfereji kabla hawajaanza kufa. Alinifundisha kulowesha mkono kabla ya kushika samaki, kwa sababu mkono mkavu unamchuna ule utelezi unaomkinga na maradhi. Alinifundisha pia kutembea kwenye tope bila kuacha gambuti. Hilo la mwisho lilinichukua mwaka mzima na gambuti tatu, zote za kushoto.

Bwawa namba mbili lilikuwa la vifaranga wa tilapia. Walikuwa wameahidiwa kikundi cha wakulima wa Kagio, kule Kirinyaga, ambako joto lipo na samaki anakua haraka. Wakulima hao walikuwa wameshachimba bwawa lao kwa majembe na walikuwa wakingoja. Mimi nikaangalia wale vifaranga, kila mmoja hajazidi punje ya mchele, wanachomwa na jua la saa saba, nikawaonea huruma. Nikashuka kinamasini na magunia matatu, nikang'oa majani ya majini pamoja na mizizi yake, nikayapanda bwawani pande zote wapate kivuli.

Mzee Thumbi alinikuta na gunia la kwanza. "Mwari," aliniambia, ndivyo alivyoniita, yaani binti, "hiyo majani ya huko chini iko na wenyewe."

Nikadhani ananiletea mambo ya mizimu. Nikacheka. "Mzee, mimi nimesoma sayansi."

"Sawa," akasema, akanisaidia kubeba gunia la tatu.

Bwana Barasa alilipenda sana lile bwawa la kijani. Alilizunguka mara mbili, akarudi ofisini akaandika ripoti ya kwenda kwa wakubwa Nairobi. Niliipiga taipu mwenyewe. Ilisema kwamba afisa msimamizi, yaani yeye mwenyewe, amebuni mbinu mpya ya kivuli cha asili. Nilikuwa mgeni kazini, nikanyamaza, nikaweka hata koma mahali pake.

Wiki tatu baadaye tulivuta wavu bwawani kuhesabu vifaranga wa Kagio. Tulivuta upande huu, tukavuta upande ule. Tulipata vifaranga ishirini na kitu, chura mmoja, na gambuti yangu moja ya kushoto.

Bwana Barasa alituita wote mbele ya ofisi.

"Mzee Thumbi, samaki wako wapi?"

"Bwana, hata mimi nashangaa."

"Ufunguo wa lango uko na nani?"

"Iko na mimi."

"Basi samaki pia wako na wewe."

"Bwana, mimi niko na bibi mmoja, na yeye hataki samaki hata kuona. Nikipeleka hiyo kitu nyumbani, atatufukuza mimi na samaki yako."

Bwana Barasa akatikisa kichwa kama mtu anayesikia uongo wa kitoto. "Hakuna mwanamke anayekataa samaki."

"Njoo umuulize. Lakini usije na samaki."

Tulicheka, na tulikosea kucheka, kwa sababu Bwana Barasa alikasirika. Akasema, basi kama huli, unauza. Na kama unauza, unauza kule mtaa wa Majengo. Akaagiza aitwe Mama Hamida.

Mama Hamida alikuwa mwanamke wa Majengo, mjini, aliyekaanga samaki na kuuza achari ya maembe na ndimu kwenye chupa. Yeye ndiye aliyekuwa mnunuzi wetu mkubwa wa samaki waliokomaa. Alifika na buibui lake, akaketi, akapangusa jasho, akauliza ameitiwa nini. Bwana Barasa akamwonyesha bakuli lenye vifaranga wawili watatu wa wale waliobaki.

Mama Hamida akainama akatazama. Akavaa miwani akatazama tena. "Bwana Afisa," akasema, "hawa mimi niwakaange vipi, niwachanje kwa sindano badala ya kisu? Nikiwatia kwenye mafuta watageuka moshi sijashika kijiko. Mimi ni mtu mzima, nina wajukuu. Usinitafutie maneno."

Akaondoka bila kuaga, na kwa Mama Hamida kutoaga lilikuwa tusi kubwa.

Lakini barua ikaandikwa vilevile. Mzee Thumbi aliondolewa mabwawani, akapewa fyekeo, akawekwa langoni kufyeka nyasi mpaka majibu yatoke juu. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu. Na barua hiyo ya kumwita mwizi niliyepewa kuipiga taipu ni mimi.

Sijawahi kupiga taipu vibaya kama wiki ile. Siku ya kwanza nilikosea tarehe. Siku ya pili nikaandika "Thumbi" kwa herufi mbili za m. Siku ya tatu utepe wa wino ulikwama, na aliyeukwamisha mnamjua. Nikipata nafasi ya kula, nilikaa ukingoni mwa bwawa namba mbili na kiazi changu mkononi, nikayatazama maji kama mtu anayengoja yamjibu.

Siku ya tatu yakanijibu.

Kwanza nilimwona mdudu akipanda juu kinyumenyume, matako mbele. Aligusa uso wa maji kwa ncha ya mkia, akatulia kidogo, halafu akazama kwa kasi, miguu ya nyuma ikipiga maji kwa pamoja kama makasia mawili. Alikuwa na umbo la mbegu ya boga, mkubwa kuliko kidole gumba changu, mgongo wa kijani kibichi cha chupa na ukingo wa njano. Vitabuni anaitwa mbawakawa wa maji. Sisi baadaye tulimwita mende wa maji. Hana matamvua kama samaki. Anachota hewa kwa nyuma, anaibana chini ya mabawa yake magumu, anazama nayo kama mtu aliyebeba akiba chini ya koti.

Kiazi kikanianguka. Nikainama karibu zaidi, na ndipo nikaona kifaranga mmoja amening'inia kando ya jani, haogelei, haanguki. Kulikuwa na kitu kimemshika. Kilikuwa kirefu kama kidole changu cha kati, rangi ya tope, kimejikunja, mkia juu kwenye uso wa maji na kichwa chini. Kichwa kilikuwa bapa, na mbele yake taya mbili zilizopinda kama mundu. Hakikutafuna. Kilikaa tu kimemshika, na mbele ya macho yangu kifaranga akaanza kunywea. Robo saa baadaye kikaachilia, na kilichoanguka chini kilikuwa ngozi tupu, nyepesi kama ganda la kitunguu.

Huyo ndiye mtoto wa mende wa maji, buu lake. Taya zake zina tundu ndani, kama sindano ya daktari. Akishamshika samaki au kiluwiluwi, anamdunga maji ya tumboni mwake yanayoyeyusha nyama, kisha anaivuta nyama yote kama mtu anayekunywa uji kwa mrija. Akimaliza, anashika mwingine. Sijaona mnyama mwenye hamu ya kula kama yule, na nimelea wavulana wanne.

Nilikimbia langoni. "Mzee! Njoo uone!"

"Nimekatazwa kukaribia maji," akasema, fyekeo mkononi.

Basi nikarudi nikamshika yule mende mkubwa kwa kopo, nikampelekea. Mzee akamtazama akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile. "Huyu namjua! Tulipokuwa tunachunga mbuzi, mtu akitaka kujua kupiga mbinja, anashika huyu, anatoa ulimi, anaacha aume."

"Na wewe ulifanya?"

"Ulimi ilifura siku tatu. Sikukula, sikuongea. Ya nne nikapiga mbinja." Akaweka midomo sawa akapiga mbinja moja ya juu, safi, mpaka Bwana Barasa akachungulia dirishani.

Mchana huo nilipanda Majengo mbio kumweleza Mama Hamida. Yeye pia alikuwa na jina la kusafisha. Akanipa chupa moja kubwa ya achari, tupu, imeoshwa lakini bado inanukia ndimu. Kabla ya jioni nilikuwa nimenasa mabuu tisa kwa chujio. Nikayatia yote kwenye chupa ile na maji ya bwawa, nikaifungia kabatini ofisini. Nililala usingizi mzuri sana.

Asubuhi nikamwita Bwana Barasa. Nikamwambia, bwana, wezi nimewakamata, wako tisa, wako kabatini. Akaja akisitasita. Nikafungua kabati, nikainua chupa kwenye mwanga.

Ndani kulikuwa na buu mmoja. Alikuwa mnene, ametulia, ananing'inia kwa mkia kama bwana aliyeshiba. Chini ya chupa kulikuwa na ngozi na vichwa.

"Umesema wako tisa," Bwana Barasa akasema.

"Walikuwa tisa, bwana."

"Na hao wanane, nani amewaiba?"

Ndivyo nilivyojifunza, na ninyi mjifunze kwangu bila kupata aibu: mabuu wa mende wa maji hawawekwi pamoja. Wakikosa samaki wanakula viluwiluwi, wakikosa viluwiluwi wanakulana wenyewe, na wakikosa kukosa wanakulana vilevile. Bwana Barasa alirudi mezani pake akaniuliza barua iko wapi. Nikamwambia ina kosa moja dogo.

Nilirudi kwa Mama Hamida. Alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akanipa chupa kumi na mbili ndogo. "Safari hii kila mmoja na chumba chake," akasema, "kama wapangaji wa Majengo." Na akaahidi kuja mwenyewe. Alisema hataki kusimuliwa.

Siku iliyofuata nilipanga chupa kumi na mbili juu ya meza ya Bwana Barasa, kila moja na buu wake mwenye njaa. Mama Hamida alisimama mlangoni kama askari. Nikachukua vifaranga kumi na wawili wa wale waliobaki, nikadondosha mmoja katika kila chupa. Bwana Barasa akavaa miwani, akasogeza kiti. Chupa ya kwanza, tap! Ya tatu, tap! Ya saba. Nusu saa haikuisha, kumi na mbili zote zilikuwa na ngozi za samaki chini.

"Lakini mdudu mdogo hivi," akasema Bwana Barasa, "ana nguvu gani?" Na kabla sijamzuia akaingiza kidole kwenye chupa.

Wale waliokuwa shambani ng'ambo ya mto wanasema waliisikia ile sauti. Chupa iliruka, buu akabaki ananing'inia kidoleni, na Bwana Barasa akazunguka meza mara tatu akimkung'uta. Mama Hamida alimshika mkono, akamwagia siki ya achari pale alipoumwa, ambayo sidhani ni dawa. Nafikiri alikuwa tu hajamsamehe.

Hapo ningetaka kuwaambia kwamba mambo yaliisha. Hayakuisha. Bwana Barasa, kidole kimefungwa kitambaa, alikaa akafikiri, kisha akasema, "Sawa. Si wizi. Ni wadudu. Lakini kazi ya kuweka bwawa safi ilikuwa ya nani? Ya Mzee Thumbi. Ameacha wadudu wakaingia. Huo ni uzembe. Futa neno 'wizi', andika 'uzembe', barua iende."

Nilitoka nje nimechanganyikiwa. Wameingia vipi? Mabwawa mengine matano hayakuwa nao hivyo. Nikashuka bwawani, nikang'oa bua moja la yale majani niliyoyapanda kwa kiburi changu. Lilikuwa na mikato midogo, kama mtu aliyelichanja kwa wembe. Nikalipasua kwa ukucha. Ndani ya kila mkato kulikuwa na yai, refu, jeupe, limelazwa vizuri kama kwenye kitanda. Mende jike hutoboa bua la jani la majini akataga humo. Nilikuwa nimebeba wezi kwa magunia, nikawapanda mmoja mmoja katikati ya chakula chao, na kuwawekea kivuli.

Nilimwendea Mzee langoni, bua mkononi. Nikamwonyesha lilivyopasuka. Alilitazama akajua.

"Ulijua," nikamwambia. "Uliniambia majani yana wenyewe."

"Nilijua iko na wadudu. Kwamba iko na mayai, hiyo sikujua."

"Mbona hukumwambia Bwana Barasa kwamba mimi ndiye niliyeyaleta?"

Akafyeka nyasi kidogo, kisha akasimama. "Ningesema, angekufukuza wewe. Wewe unaanza kazi, mwari. Mimi namaliza. Mtu anayemaliza akifukuzwa, ni kama amestaafu mapema tu."

Si kweli, na alijua si kweli. Mtu aliyefukuzwa kwa uzembe hastaafu, anaondoka tu, na kila anayemwona njiani anajua. Nililia pale langoni na matope yangu. Halafu nikajifuta, nikarudi ofisini kabla moyo haujapoa.

"Bwana, wadudu niliwaleta mimi," nikasema, nikaweka bua mezani, nikalipasua mbele yake. "Mzee Thumbi alinikataza, mimi nikamcheka. Kama barua lazima iende, iende na jina langu. Nitaipiga mwenyewe na sitakosea."

Bwana Barasa alitazama mayai. Akatazama dirishani, kule bwawa namba mbili lilipokuwa limependeza kwa kijani. Nikaona uso wake unabadilika polepole, kama mtu anayekumbuka ameacha jiko linawaka nyumbani. Nami nikakumbuka pamoja naye: ile ripoti. Afisa msimamizi amebuni mbinu mpya.

"Nani mwingine anajua habari ya haya majani?" akauliza.

"Mimi, wewe na Mzee Thumbi."

"Vizuri."

"Na Mama Hamida, alikuwa hapa mlangoni tangu asubuhi."

Akafumba macho. Alijua kama nilivyojua kwamba kilichofika kwa Mama Hamida kimefika Majengo yote, na kilichofika Majengo kinafika sokoni kabla ya saa nane. Akaichukua barua, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni, na sikuiona tena. Kisha akatoka akaenda langoni. Nilimfuata kwa mbali nisikie atasemaje. Alisimama mbele ya Mzee, akakohoa, akatazama nyasi.

"Mzee, hapa umefyeka vya kutosha," akasema.

"Asante, bwana," Mzee akajibu, akamkabidhi fyekeo. Bwana Barasa alirudi nalo mpaka ofisini, hajui aliweke wapi.

Sasa mtaniuliza tuliwatoaje wale wadudu. Hapo ndipo Bwana Barasa alipofanya kosa lake, ili nisiwe peke yangu. Tulisoma kwamba mafuta ya taa kidogo juu ya maji huziba ile hewa ya mende na mabuu wake, maana wote hupumua kwa mkia. Ni kweli. Lakini alisema "kidogo" ni kwa watu wenye mende wachache, akamwaga kwenye mabwawa yote sita na kinamasini. Mende walikwisha. Mafuta nayo yakapaa, maji yakabaki safi, na waliorudi wa kwanza hawakuwa mende. Walikuwa mbu na vyura. Mende ndiye aliyekuwa akiwala viluwiluwi wa wote wawili, na hata mizoga ya majini aliisafisha yeye. Mwezi wa pili vyura walikuwa wengi hata mwalimu wa kwaya wa kanisa la ng'ambo akaja kulalamika kwamba sauti ya nne anaimbiwa na bwawa letu.

Basi tukajifunza kukaa nao. Kinamasi tuliwaachia, na bwawa la chini la samaki wakubwa pia, kwa sababu tilapia mkubwa anamla mende badala ya kuliwa. Bwawa la vifaranga tulilikausha likapasuka kwa jua, tukalijaza maji siku tatu nne tu kabla ya kutia samaki, kupitia chandarua chenye matundu madogo, bila jani hata moja. Mende akiwahi maji kabla yako, umeshindwa. Ukiwahi wewe, samaki wako watakuwa wamekua kabla mabuu wake hawajatoka kwenye mayai.

Na msidhani ukuta utamzuia. Mende huyu anaruka. Jua likizama anatoka bwawa moja kutafuta jingine, na akiwa juu hulitambua bwawa kwa kung'aa kwake. Bwana Barasa alinunua gari jeusi, akaling'arisha kwa nta siku nzima ya Ijumaa. Jioni tukasikia ta! ta! ta! kama mvua ya mawe. Alitoka mbio akifikiri ni watoto wanalipiga. Boneti lote lilikuwa limejaa mende wanaopiga makasia juu ya rangi, wanashangaa maji gani haya magumu. Ndiyo maana nawaambia nyinyi wa karatasi nyeusi: mkiacha shimo linang'aa wiki tatu bila wavu juu, mmewasha taa na kuwaita.

Vifaranga wapya wa Kagio walikuwa tayari baada ya miezi michache. Tuliwapakia asubuhi na mapema kwenye pikapu ya kituo, mapipa mawili ya maji. Safari ya vifaranga ina kazi moja ngumu. Lazima mtu akae nyuma na kopo, achote maji na kuyamwaga tena kutoka juu, achote na kumwaga, njia nzima, ili hewa iingie. Akiacha, wanakufa. Kazi hiyo kwa kawaida ilikuwa ya Mzee Thumbi.

Alikuwa ameshaweka mguu kwenye gurudumu apande, Bwana Barasa akamshika bega.

"Mzee, kaa mbele."

"Bwana, mbele ni kwako."

"Nimesema kaa mbele." Akavua koti, akalikunja, akanipa nilishike, akapanda nyuma na kopo mkononi.

Mimi nilikaa nyuma naye, upande wa pipa la pili. Kutoka Nyeri hadi Kagio alichota na kumwaga bila kupumzika. Kila kona maji yalimrudia kifuani. Tulipofika Karatina alikuwa ameloa mpaka tai. Tulipofika Sagana nilimwambia, bwana, nipe kopo nikusaidie na hilo pipa. Akakataa kwa kichwa tu. Akaendelea kuchota na kumwaga. Nilielewa kwamba kwa kopo lile alikuwa anaongea na mtu aliyekaa mbele.

Kagio wakulima walikuwa wametungoja tangu alfajiri. Walikuja na nyimbo, na mwenyekiti wao akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa mbele, akaufungua, akamshika Mzee Thumbi mkono kwa mikono yake miwili. "Karibu, Bwana Afisa! Karibu sana! Na huyu mfanyakazi wako aliyeloa, tumpe chai?"

Mzee aligeuka akamtazama Bwana Barasa. Hakuna aliyecheka. Bwana Barasa alikuwa anashuka nyuma na ndoo ya kwanza, maji yanamtiririka viatuni.

"Wanakungoja, Mzee," akasema. "Waambie la kufanya."

Mzee Thumbi akashuka, akatembea mpaka ukingoni mwa bwawa lao jipya, watu wote wakimfuata. Bwana Barasa akapiga magoti kwenye tope na ndoo yake, akainua macho kungoja.

"Usimwage," Mzee akamwambia, mbele ya watu wote. "Weka ndoo ndani ya maji kwanza. Ongeza maji ya hapa pole pole, hadi wazoee. Halafu lalisha ndoo, ngoja. Watatoka wenyewe."

Na Bwana Barasa akalaza ndoo, akangoja.